Tapeli Anayetukonyeza

Mahafali ya darasa la saba katika vijiji vya Yakobi na kata nyingine za Njombe hayaishi bila igizo, na igizo lenye uhakika wa kuchekesha ni la mganga. Mpango wake haubadiliki sana. Mvulana mwenye ndevu za pamba anaingia na kibuyu na usinga, anamsukumia mwenzake chini ya meza iliyofunikwa shuka. Wazazi, walimu na wageni waalikwa wote wanaona. Huyo wa chini ya meza ndiye atakayekuwa sauti ya mizimu. Kisha anaingia msichana aliyejitanda kanga mbili, mama mwenye shida: mumewe amekwenda Makambako na harudi. Mganga anamwuliza maswali mawili matatu, anatikisa kibuyu, na mzimu unataja jina la mume, lile lile ambalo mama mwenyewe amelitamka dakika moja iliyopita. Mama anapiga magoti kwa mshangao. Kuku wa kwanza anatolewa. Mizimu inataka wa pili. Mara chini ya meza mtu anapiga chafya.

"Mzee, mzimu nao unaugua mafua?"

"Mama, baridi ya Njombe unaijua wewe. Hata waliokufa wanaisikia."

Hapo uwanja mzima unalipuka. Wazee wanafuta machozi, akina mama wanapigana mabega, mgeni rasmi anasahau hotuba yake. Na wanaocheka hivyo ni watu wanaojua uchungu wa kutapeliwa. Wapo waliokwisha kutoa kuku wa kweli kwa mganga wa kweli. Wapo waliopokea ule ujumbe wa simu unaosema ile hela itume kwenye namba hii, wakaituma. Wapo waliouziwa dawa ya mimea isiyoua mdudu hata mmoja. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Inakuwaje aliyeibiwa kwa maneno acheke hadi kushika mbavu anapoonyeshwa mwizi wa maneno?

Jibu langu ni kwamba kilichobadilika si uongo bali mahali tulipokaa. Tapeli wa kweli hutufungia nje ya siri yake. Tapeli wa igizo hutuingiza ndani kabla hajaanza kazi. Yule mvulana alipomficha mwenzake chini ya meza mbele ya macho yetu, alitukonyeza, na kuanzia hapo sisi ni washirika wake. Kila jambo linalofuata tunalisikia mara mbili: kwa masikio ya mama asiyejua na kwa masikio yetu tunaojua. Kicheko hutokea kwenye ule mwanya kati ya masikio hayo. Angetuficha meza, tukaja kuelewa mwishoni kwamba mzimu alikuwa mtoto wa darasa la sita, tungesema tu "kumbe!" na kwenda kula pilau.

Ukitaka kuona kwamba hili ni jambo la akili na si la masihara tu, watazame watoto wa miaka miwili na mitatu waliopakatwa na mama zao kwenye mahafali hayo. Hawacheki. Mzimu ukiunguruma wanalia, au wanaonyesha meza kwa kidole na kushangaa mbona huyu mama hamwoni kaka aliye chini. Mwaka 1983 watafiti wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, walichapisha jaribio ambalo limerudiwa tangu hapo katika nchi nyingi. Mtoto anasimuliwa habari za Maxi, aliyeweka chokoleti yake katika kabati moja akaenda kucheza. Huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi, atafungua kabati lipi? Watoto wadogo hutaja kabati ambamo chokoleti imo sasa, kwa sababu wao wanajua imo humo na hawawezi kufikiri kwamba mwenzao hajui wanachokijua. Kuanzia miaka minne hivi kwenda juu ndipo wengi huanza kujibu kwamba Maxi atakwenda kule alikoiacha. Kushika kichwani ukweli, na papo hapo kushika imani potofu ya mtu mwingine bila kuzichanganya, ni hatua kubwa katika ukuaji wa binadamu. Igizo la uongo linaifanyia akili hiyo mazoezi mbele ya kadamnasi. Ndiyo maana mtoto aliyefika umri huo anashindwa kujizuia, anapiga kelele kumwambia mama wa kwenye igizo, "Yuko chini ya meza!"

Lakini kujua siri peke yake hakutoshi. Kama yule mama angekuwa hana kosa lolote, kicheko kingekwama kooni. Ukimtazama vizuri utaona kwamba ana mkono wake katika kudanganywa kwake. Jina la mumewe alilitaja mwenyewe, kisha akashangaa kulisikia. Anataka sana kuamini, na mganga anauza kile ambacho mteja amekwisha kukitamani.

Mafundi wa zamani waliijua siri hii. Chukua kile kisa cha Abunuwasi na sufuria, kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Anaazima sufuria kwa jirani, anarudisha na kadogo ndani yake, anasema sufuria yako imezaa. Jirani anapokea zote mbili na kushukuru. Safari ya pili Abunuwasi anaazima tena, harudishi, na akiulizwa anasema sufuria imefariki. Jirani anakasirika: tangu lini sufuria ikafa? Lakini amekwisha kujifunga. Alikubali kwamba sufuria huzaa kwa sababu uzazi ule ulimletea faida; atakataaje kifo? Uongo wa kwanza ulikuwa wa Abunuwasi, wa pili jirani aliusaini mwenyewe kwa tamaa yake. Tunachokicheka ni saini ile.

Katika enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam nchi nzima ilikaa kimya kusikiliza Pwagu na Pwaguzi, matapeli wawili ambao majina yao yalitoka kwenye methali inayojulikana na kila mtu. Hapakuwa na jukwaa wala ndevu za pamba, sauti tu. Waandishi wa redio walilazimika kutupa siri kwa maneno: kwanza tunawasikia wakipanga, halafu tunawasikia wakibadilisha sauti mbele ya wanayemwendea, wakijifanya waungwana. Msikilizaji wa Njombe aliyeweka redio ya mkulima dirishani alikuwa ndani ya njama tangu dakika ya kwanza. Na kwa kuwa jina la kipindi lilikwisha kumwahidi kwamba kila pwagu atampata pwaguzi wake, alikaa akisubiri zamu ya mwizi kuibiwa. Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900, alitaja mwizi aliyeibiwa kuwa miongoni mwa mifano mikubwa ya vichekesho vya kupinduka kwa mambo. Wazee wa pwani walikuwa wamefika huko kwa njia yao.

Wakenya nao walitengeneza mahakama nzima ya uongo. Katika kipindi cha Vioja Mahakamani mshtakiwa anasimama kizimbani na utetezi wa ajabu, anaukuza kila anapobanwa, hadi unaanguka kwa uzito wake. Raha ya kipindi kile haikuwa hukumu. Ilikuwa kumtazama mtu akijenga ghorofa ya pili ya uongo ili kushikilia ya kwanza, ya tatu ili kushikilia ya pili, na sote tukijua msingi ni mchanga. Hapa Tanzania marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, aliishi kisanii katika eneo hilo hilo. Mzee wake wa kwenye filamu alidanganya kwa uso mkavu, na alipobanwa macho yalianza kuhama kabla maneno hayajapatikana. Ule muda mfupi ambao uso umekwisha kukiri na mdomo bado unakana ndio alioumiliki kuliko mwigizaji mwingine yeyote ninayemjua. Hakuna shule inayoufundisha.

Wakati mwingine mdanganyifu hahitajiki kabisa. Mrusi Nikolai Gogol alionyesha hivyo mwaka 1836 katika tamthilia ambayo kwa Kiswahili inaitwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kijana mmoja asiye na kitu amekwama katika nyumba ya wageni, na viongozi wa mji wanaokula rushwa wanamdhania kuwa mkaguzi aliyekuja kwa siri. Wanampa fedha, wanampigia magoti, wanasengenyana mbele yake. Hofu yao ndiyo inayowadanganya, kabla yeye hajasema uongo wowote. Mtanzania anayekumbuka mwishoni mwa mwaka 2015, ziara za kushtukiza za viongozi serikalini zilipoanza na maofisa wakawa wanawahi kazini kuliko jogoo, hahitaji kuelezwa Urusi iko wapi ili amwelewe Gogol.

Ikiwa kiungo ni siri ambayo mtazamaji anayo na mhusika hana, basi kiungo hicho hicho kinaweza kupika chakula kichungu. Na Yakobi ni mahali pa kulifikiria hilo kwa uzito, maana hapa palikuwa na kituo cha wamisionari wa Kilutheri wa Berlin, na Septemba 1905 wapiganaji wa Maji Maji walikishambulia. Walikuja wakiwa na imani kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Kinjikitile Ngwale, aliyeianzisha dawa hiyo kule Ngarambe, alikuwa amekwisha kunyongwa na Wajerumani mwezi mmoja kabla. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, alitukalisha mahali pale pale ambapo kichekesho hutukalisha: sisi tunajua risasi haitageuka maji, wao hawajui, nasi hatuna namna ya kupiga kelele kuwaonya. Mpango wa siri ni ule ule wa meza na shuka. Lakini hakuna anayecheka. Hussein mwenyewe hakuiita dawa ile utapeli. Alimweka shujaa wake kwenye njia panda, na mwishoni akamfanya akatae kutamka mbele ya mtesaji kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa ile imani iliwaunganisha watu ambao kabla ya hapo hawakuwa kitu kimoja.

Tofauti kati ya mahafali na Kinjeketile iko kwenye gharama. Mama wa igizo anapoteza kuku wawili na heshima kidogo, na vyote vinarudishika. Kichekesho ni kama bao linalochezwa kwa kete za kukopa: mchezo ukiisha kila mmoja anarudishiwa zake. Gharama ikipanda hadi uhai, nyumba au utu wa mtu, mwili unakataa kucheka, hata kama hila imepangwa kwa ufundi. Ndiyo sababu mimi hushindwa kufurahia hadi mwisho ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969 kama Mabepari wa Venisi. Inahesabiwa kuwa komedi. Porshia anajivika nguo za kiume, anaingia mahakamani kama mwanasheria, anaokoa maisha ya Antonio, kisha anamchezea mumewe mwenyewe hila ya pete, na hiyo ya pete inachekesha kweli kweli. Lakini Shailoki anatoka mahakamani amepokonywa mali na kulazimishwa kubadili dini yake. Huyo hakurudishiwa kete zake. Kila nikifika hapo kicheko changu kinakatika.

Kwa kipimo hicho hicho naelewa kwa nini sijaona igizo la lumbesa likifaulu kuchekesha. Mkulima wa viazi wa Njombe anajaza gunia, mnunuzi anataka lipandishwe kilemba, linaongezewa kipande cha gunia jingine juu, linashonwa, na uzito unapita kilo 100 ambazo sheria ya vipimo inazikubali. Bei inabaki ya gunia moja. Vijana wamejaribu kulichezea jukwaani na watu wanatazama kimya. Hakuna siri pale. Mkulima analiona lumbesa, mnunuzi analiona, dalali analiona, na mtazamaji ana nundu lile lile nyumbani. Hakudanganywa mtu, kilichopo ni mwenye lori na asiye na lori. Mwandishi anayetaka kicheko kwenye jambo hili itabidi atafute mahali ambapo mnunuzi anaamini kitu kisicho kweli na mkulima anajua. Ule ujumbe wa ile hela itume kwenye namba hii ulikuja kuchekesha pale watu walipoanza kusimuliana namna walivyowajibu matapeli, wakijifanya wamekwisha kutuma, wakimzungusha mtu mchana kutwa kwa wakala huyu na yule.

Hata hivyo shule kubwa ya uongo wa kuchekesha katika nchi hii haiko jukwaani wala redioni. Iko msibani, na mwalimu wake ni mtani.

Karne ya 19 Wangoni, Wahehe na Wabena walipigana na kuvamiana katika nyanda hizi. Leo Mngoni anayeshuka kwenye basi la Songea pale Njombe anaweza kumtukana Mbena ambaye hajawahi kumwona, na wote wawili wakacheka. Watafiti waliandika juu ya jambo hili zamani; R. E. Moreau alichapisha makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944. Wengi huutazama utani kama ruhusa ya matusi. Mimi nauona zaidi kama ruhusa ya kudanganya, kwa sababu msibani mtani hatoi matusi tu, anaigiza. Anavaa koti la marehemu. Anashika fimbo yake, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anakaa kwenye kigoda chake na kuamuru aletewe chai, na kuuliza ni nani aliyechinja kuku wake bila kumwomba. Waombolezaji waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka na machozi hayajakauka. Kaburi likiwa tayari, mtani mwingine anarukia ndani na kulala, anasema nafasi hii imekwisha kupata mtu, mkitaka nitoke toeni pesa.

Kila mtu pale anajua kwamba yule si marehemu na kwamba kaburi halijapata mtu. Gharama kubwa kuliko zote, kifo chenyewe, imekwisha kulipwa na haiwezi kurudishwa. Kwa nini basi kicheko kinaruhusiwa mahali ambapo hoja yangu inasema kisingewezekana? Nadhani ni kwa sababu hadanganywi mtu yeyote aliye hai. Mtani anakidanganya kifo. Kwa dakika kumi anaigiza kwamba mzee hajaondoka, na familia inashirikishwa katika uongo huo, inaujibu, inaleta ile chai. Nao uongo huo una masharti yanayoshikwa kwa ukali kuliko sheria nyingi zilizoandikwa: mtani lazima ajulikane kuwa mtani, malipo lazima yawe madogo, aliyetaniwa hakasiriki, na siku ya msiba wa upande wa pili zamu inageuka. Mtu asiye mtani akivaa koti la marehemu atapigwa.

Masharti hayo ndiyo yanayokosekana katika vichekesho vinavyojaa kwenye simu zetu sasa, vile vya kumshtukiza mpita njia vinavyoitwa pranki. Kijana anamwendea mama anayeuza ndizi stendi, anajifanya mgambo aliyekuja kuchukua beseni lake, na mwenzake anarekodi kutoka ng'ambo ya barabara. Mama anaomba, analia, kisha anaambiwa ilikuwa utani. Video inasambaa. Sikatai kwamba vijana hawa wana vipaji. Wengine wana uso na ulimi wa kuigiza ambao makundi ya zamani ya Kaole au Ze Comedy yangeuchukua mara moja. Lakini wameichukua hila na kuacha utani. Mama yule alikuwa hana tamaa, majivuno wala hofu ya kijinga iliyomwingiza mtegoni. Hofu yake ya mgambo ni ya kweli na ina sababu. Hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuonyeshwa, na hatapata siku ya kulipiza. Sisi watazamaji tumekonyezwa, ni kweli, lakini tumekonyezwa tumsaidie mwenye nguvu dhidi ya asiyekuwa nazo.

Ningependa vijana hao wafanye ziara ya mchana mmoja kwenye msiba wenye watani wakali, wakae karibu na jiko, watazame mtani anavyomchagua mtu wa kumtania. Hamchagui mjane aliyezidiwa. Anamwacha apite. Anamfuata shemeji mwenye suti mpya, aliyekuja na gari na anayezungumza na simu kwa sauti wakati wenzake wanachimba, anamkabidhi jembe mbele ya watu na kumwambia marehemu aliacha wosia kwamba bila yeye kaburi halikamiliki. Shemeji anaangalia viatu vyake, anaangalia watu, anacheka, anapokea jembe.